Chaki ya Kocha Eom

Kocha Eom Gi-seop alizaliwa tarehe 4 Machi 1957 katika mji wa makaa ya mawe wa Jangseong, mtoto wa pili wa mchimbaji, mzee Eom Dal-su. Mzee huyo kila jioni alisema hajachoka, mpaka siku alipoanguka mgodini asiinuke tena. Gi-seop alikuwa bado shule ya msingi, na hilo hakulisahau.

Alisomea ualimu wa michezo Chuncheon, akahitimu Februari 1981. Mwaka huohuo alianza kufundisha riadha katika shule ya wasichana hapa Taebaek, akabaki hadi alipostaafu mwaka 2019. Mwaka 1984 alimwoa Bi Tak Myeong-suk, mpishi wa bweni.

Kwetu mdogo hamwambii mkubwa kwamba amechoka. Ukiwauliza mabinti, wanajibu kwa pamoja, "Hatujachoka!" Basi marehemu akaacha kuuliza. Shule haikuwa na mashine za kupimia uchovu. Aliwafundisha kuhesabu mapigo ya moyo kabla hawajatoka kitandani. Mezani alitazama nani kaacha wali. Na kabla ya mazoezi kila mmoja alipaka vidole chaki, akaruka, akagusa ukuta wa jiko. Aliyegusa chini ya alama yake ya kawaida alipumzishwa.

Mwaka 1996, siku moja kabla ya mbio za mkoa, mwanafunzi wake Gwak Sun-im aligusa chini sana.

"Kocha, mimi mzima kabisa!"

"Mdomo mzima. Miguu je?"

"Huo ukuta wako mwongo!"

Hakukimbia. Alilia, akanuna, mpaka hospitali ilipoona ufa katika mfupa wa mguu wake. Leo naye ni kocha, na yuko hapa nasi.

Mwaka Mpya wetu wa kalenda ya mwezi, Januari 2023, Sun-im alikuja nyumbani kumsujudia kwa heshima, kama ilivyo desturi yetu siku hiyo, akamtania, "Haya Kocha, zamu yako!" Marehemu akapaka chaki, akaruka penye ukuta wa nyumbani, kama alivyofanya kila Mwaka Mpya. Chaki iligusa kiganja kizima chini ya alama yake ya mwaka uliotangulia. Tulicheka wote isipokuwa Sun-im. Sikukuu ilipokwisha alimpeleka hospitali kwa lazima: saratani ya ini, imeshasambaa. Na muda wote huo alikuwa akituambia hajachoka. Yeye, jamani!

Aliugulia nyumbani. Mchana wa tarehe 11 Novemba 2023 mimi, bintiye Yeon-ju, nilimuuliza, "Baba, umechoka?"

"Nimechoka, mwanangu."

Sikuwa nimewahi kumsikia akisema hivyo. Alifariki jioni ile.

Ameacha mjane, Bi Tak, watoto wawili, Tae-hun na Yeon-ju, mjukuu, Ha-ram, na mabinti wote waliogusa ule ukuta.

Baba, safari hii umesema mwenyewe. Leo mazoezi hakuna. Pumzika kwa amani.