Nani Atamkunjia Salome Mwamvuli

Risala ya Kikundi cha Washonaji Mkono Mtulivu, Kimamba, kwa mgeni rasmi, siku ya kufunguliwa karakana yetu

Mgeni rasmi, Brigedia Jenerali uliyetoka Kamandi ya Jeshi la Anga ukakubali kuja kula vumbi letu, Mheshimiwa Diwani, viongozi wetu wa dini, wazee wetu, shikamooni, majirani wa Kimamba, na ninyi mliokuja kwa pikipiki na baiskeli kutoka Zombo na Kilosa mjini: itifaki tumeizingatia, na kama kuna tuliyemruka atusamehe, ni furaha imetuzidi kimo.

KARIBU KIMAMBA

Mgeni rasmi, tulipoambiwa kwamba atakayefungua karakana yetu amewahi kurusha ndege za kivita kwa mikono yake, vyerehani vilinyamaza vyote kwa pamoja. Kelvin wa bodaboda alitoka mbio akatangaza stendi nzima kwamba utakuja na ndege na utatua kwenye uwanja wa mpira. Tukaamini. Vijana wakaenda kung'oa magoli usije ukayagonga. Leo umekuja na gari, wala hatukulaumu, ila ukipita pale uwanjani ukaona magoli yamelala chini, ujue yalilala kwa heshima yako.

Risala hii inasomwa na katibu wetu, Upendo, lakini maneno ni yetu sote. Tuliyaandika pamoja, tukagombana pamoja, na kuna sehemu moja ambayo mwenyekiti wetu hajaiona. Tutafika huko.

HISTORIA YA KIKUNDI

Historia ya kikundi chetu haitenganishwi na historia ya ndege za kivita za nchi hii. Tunalisema hilo kifua mbele, ingawa wengi wetu hatujawahi kuigusa hata tairi ya ndege.

Wazee waliokata mkonge katika mashamba ya hapa wanasimulia kwamba miaka ya sabini ndege za kwanza zilipofika kutoka China, na baadaye nyingine, zile Migi, kutoka kwa Warusi, anga lilipasuka juu ya mashamba na watu wakalala kifudifudi kati ya mistari ya mkonge. Kimamba kila ndege ya vita ikaitwa Migi, iwe Migi au isiwe. Vita ya Kagera ilipokuja, watu walizihesabu kwa masikio zikipita, na walipozisikia zikirudi walilala usingizi. Kisha ikaja miaka ya dhiki. Vipuri vikawa vya kutafuta kwa tochi, ndege nyingine zikalala chini, na waliobaki nazo wakazitunza kama mtu atunzavyo jembe moja la familia.

Katika miaka hiyo ya dhiki ndipo binti mmoja wa Kimamba, mtoto wa mkata mkonge, alipoingia jeshini. Ndiye mwenyekiti wetu, Sajini mstaafu Domina, aliyeketi pale mstari wa pili na kitambaa cha bluu. Walimuuliza anajua nini. Akasema anajua kusuka. Wakampeleka chumba cha miamvuli.

Mgeni rasmi, wewe unajua, lakini wengine hapa hawajui, tuwaeleze. Ndege ya kivita hugusa lami ikiwa na kasi ambayo matairi peke yake hayaiwezi. Rubani hufyatua mwamvuli kutoka mkiani, mwamvuli unavimba, na ndege inashikwa kwa nyuma. Usipofunguka, lami inaweza kuisha na ndege bado inakwenda. Kila mwamvuli hukunjwa na mtu, kwa mikono, pindo kwa pindo. Domina alifanya kazi hiyo mpaka akastaafu. Kabla ya kukunja alivua pete, akapitisha mgongo wa mkono juu ya kitambaa chote kutafuta unyevu. Alitufundisha kwamba vidole vina sugu na hudanganywa, mgongo wa mkono haudanganywi.

Aliporudi nyumbani alianzisha kikundi hiki, na nusura kife siku hiyo hiyo. Sababu ni salamu. Alikuwa anakunja turubai la kwanza tulilopewa kushona na kambi moja ya watalii kule Mikumi, akaingia mzee wetu Nikolaus, mzee anayeheshimiwa na dini zote mbili. Sote tulipiga goti tukatoa shikamoo. Domina kimya. Mzee akangoja. Domina akaendelea kukunja hata jicho hakuinua. Kwetu hapa, Mgeni rasmi, kumnyima mzee shikamoo ni kosa ambalo mtu huitiwa ukoo. Mzee akageuka na fimbo yake akaondoka.

Jioni habari zilikuwa zimefika mpaka reli. "Jeshi limemharibu." "Kajiona yeye ndiye jenerali." Watatu kati yetu walichukua vyerehani vyao wakarudi navyo nyumbani.

Domina alipomaliza kukunja alikwenda kwa mzee, akapiga magoti mlangoni.

"Shikamoo baba."

"Hiyo ni ya asubuhi au ya sasa?" mzee akauliza.

"Ya asubuhi, baba. Nimeileta. Kule tulikotoka, mtu akishaanza kukunja haongei na mtu. Akikatizwa, anafungua yote na kuanza upya, maana hajui alisahau wapi. Hata akiingia mkuu wa kikosi. Nimejaribu kuacha, nimeshindwa. Mikono inakataa."

Mzee Nikolaus akasema, "Na kama ungenisalimia, kingetokea nini? Turubai haliruki."

"Haliruki, baba. Ila mimi ningekuwa nimeanza kuzoea kukosea."

"Marahaba," akasema mzee. Tangu siku ile yeye huja kwenye karakana na kukaa nje mpaka aitwe, na wenye vyerehani walirudi navyo usiku, kwa aibu, kwa njia ya nyuma. Jina la Mkono Mtulivu lilitoka kwa mzee huyo.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, mafanikio yetu tutayataja haraka maana yanaonekana kwa macho. Jengo hili ni jasho letu. Sare za shule kutoka hapa hadi Zombo ni zetu. Mahema ya watalii Mikumi tunayashona na kuyakarabati, na lile lililokanyagwa na tembo tulilirudisha mpaka mwenye kambi akauliza tundu lilikuwa wapi. Hema likitoka hapa linafunguka mara ya kwanza kwa kuvutwa, halina ubishi.

Lakini mafanikio yetu makubwa hayakushonwa. Yana jina, anaitwa Salome.

Miaka ya elfu mbili na kumi, ndege mpya za kivita zilipoanza kuchukua nafasi ya zile kuukuu, Domina alikuwa tayari amestaafu. Tuliziona pamoja naye kwenye runinga ya mgahawa wa mama Gaudiosa, siku ya sherehe za taifa. Zilipita kwa mpigo, chai zikamwagika, na sisi tukapiga kelele kama timu imefunga bao. Domina alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. "Mnaona pale, kwenye shina la mkia?" akasema. "Wamebadilisha macho, wamebadilisha ubongo, rubani sasa anasomewa kila kitu na skrini. Lakini mwamvuli wameuacha. Bado kuna mtu anakunja!" Alicheka mpaka machozi. Na binti yake Salome, aliyekuwa na sare ya shule na kikombe cha uji mkononi, hakuuliza habari za mwamvuli. Aliuliza, "Mama, yule wa mbele alisoma masomo gani?"

Naye Salome akasoma hayo hayo. Fizikia na hesabu, kwa taa ya chemli umeme ulipokatika, kisha jeshi, kisha urubani. Mgeni rasmi, huyo ni wetu. Mwezi uliopita alipiga simu hapa karakanani, mama yake akaweka sauti kubwa.

"Mama, leo nimeruka peke yangu!"

Vigelegele vyetu, tunaambiwa, vilisikika kwenye behewa la treni lililokuwa linapita. Mwenzetu Magdalena alicheza akaangusha pasi. Kelvin alipiga honi mpaka betri ikalalamika. Na katika kelele zote hizo mama yake aliuliza jambo moja tu.

"Nani alikukunjia?"

"Mama jamani, hii ni ya mafunzo, ndogo, haitumii mwamvuli. Miamvuli iko kwenye zile kubwa. Nikifaulu, ndiko ninakokwenda."

"Haya mwanangu," akasema Domina. "Hongera sana." Akakata simu, akarudi mezani kwenye hema aliloliacha. Akalifungua lote, akaanza upya. Alipofika katikati akalifungua tena, na hapakuwa na mtu aliyemkatiza.

CHANGAMOTO

Changamoto ya kwanza ni umeme, nayo unaijua kwa kuwa jenereta linaunguruma hapo nyuma. Ya pili ni barabara ya Zombo wakati wa masika. Ya tatu ni panya.

Changamoto ya nne, Mgeni rasmi, ni mwenyekiti wetu. Tunajua kwamba hapa ataanza kusimama ili anyang'anye karatasi. Magdalena ameketishwa kando yake kwa kazi hiyo tu, na ana nguvu. Mama Domina, tunakuomba ukae. Ulituambia, "Msinitie aibu mbele ya jenerali, hilo si jambo la kuombwa." Sisi tunaona ni la kuombwa.

Domina aliwakunjia watoto wa watu miaka yote ile na akalala usingizi, kwa kuwa alijua mikono ilikuwa ya nani. Sasa anayeruka ni mwanawe, na mikono ni ya mtu asiyemjua. Anajua kazi inavyofanywa. Anajua pia jinsi mtu anavyoweza kuamka na homa, au na msiba, au akaitwa katikati akaona haya kuanza upya. Mama wengine wa marubani huogopa anga. Wetu anaogopa meza moja ndani ya chumba kimoja, na hawezi kuingia kuitazama. Anakonda. Ubwabwa wa mama Gaudiosa anauacha sahanini. Mtoto akipiga simu, anacheka naye, na simu ikikatwa anatafuta kitu cha kukunja.

MAOMBI

Mgeni rasmi, tunaomba utusemee tupate laini ya umeme yenye nguvu, na cherehani kimoja cha kushona turubai zito. Hayo ukiyasahau tutakukumbusha, Diwani anatujua.

Ombi la mwisho ndilo lililotufanya tugombane. Hatuombi Salome apendelewe. Afaulu kwa haki, na asipofaulu arudi tumpikie. Wapo kati yetu waliotaka tuombe kwamba siku atakayotua na ndege kubwa kwa mara ya kwanza, mwamvuli wake ukunjwe na mama yake. Tulilijadili hilo mbele ya Domina kwa kuzungukazunguka, tukidhani hajatambua. Akasema, "Ningekuwa bado kazini akaja mama wa rubani anataka kukunja, ningekuwa wa kwanza kumfungia mlango. Mikono ya mama siku hiyo haitatulia." Basi hilo tumeliondoa.

Tumebakisha dogo. Zamani ndege ikishatua, mwenzake Domina aliyekuwa kandokando ya lami alipiga simu chumba cha miamvuli. Hakusalimia. Alisema neno moja akakata, na chumba kizima kikapumua. Domina hajawahi kutusimulia hilo akiwa mkavu wa macho.

Mgeni rasmi, siku hiyo ikifika, tunajua Salome atampigia mama yake, na atasema yote yako sawa, kwa sababu ndivyo watoto wanavyowaambia mama zao. Sisi tunaomba mama huyo apigiwe na yule mwingine. Yule aliyekunja, tusiyemjua jina, mwanamume au mwanamke, mkubwa au mdogo. Namba ya karakana tumeibandika kwenye zawadi yako. Asihangaike na shikamoo. Tutakuwa tumezima vyerehani vyote, mama Domina atakuwa ameshika simu, na huyo aliyekunja aseme tu lile neno moja: "Umefunguka."

Mungu akusindikize salama njia yote ya kurudi, awashike walio angani, na awape usingizi waliobaki chini.

Ni sisi, Kikundi cha Washonaji Mkono Mtulivu, Kimamba, Wilaya ya Kilosa.