Casimir Etungano, Fundi Aliyedai Simu Zihudumiwe Miaka Minane

Marehemu Casimir Etungano alizaliwa Swima tarehe 4 Machi 1976. Alisoma shule ya msingi hapo hapo na sekondari Nundu, mpaka vita vya 1996 vilipokatiza masomo. Aliporudi kutoka ukimbizini alifungua meza ya kutengeneza redio, baadaye simu, sokoni Baraka. Alikuwa na maneno machache na kichwa kigumu.

Tarehe 12 Julai 2003 alifunga ndoa na Dévote Kezimana, aliyekuja na wazazi wake kutoka Burundi. Kipaza sauti cha kanisa kilizima katikati ya kiapo. Bwana arusi akavua koti, akakifungua, na hakusema "ndiyo" mpaka kilipolia. Dévote alimnunia hadi jioni.

Binti yao Aline alipoolewa Ubwari, ng'ambo ya maji, Casimir alimnunulia simu dukani kwa Anatole ili wasipotezane. Haikumaliza mwaka ikaacha kupata masasisho, kwa sababu mtengenezaji alihesabu miaka tangu aina ile ilipotoka kiwandani. Casimir alisimama kwenye mkutano wa wafanyabiashara, amekaza uso.

"Papa Aline, ile simu iko mupya, ilitoka mu karton," Anatole alimwambia.

"Mupya namna gani, na mise à jour ilishaisha? Bahesabu miaka munane tangu siku ile ya mwisho banaiuzisha. Na weye, uambie muntu itaisha lini, mbele alipe!"

Alieleza kwamba Ulaya wamekwisha kuweka miaka mitano kwa hesabu hiyo hiyo. Wengine walicheka, wengine walimwita adui wa maduka. Suala likasogezwa mbele, halikurudiwa tena.

Septemba 2025 figo zake zilianza kushindwa, akalazwa hapa Baraka. Kwa ubovu wa mtandao, kumpigia mtu wa Ubwari ni bahati nasibu, basi alirekodi sauti yake akamtumia Aline. Alama ikabaki moja, ujumbe haukufika. Kila asubuhi aliuliza, "Aline alisikia?"

"Bado, papa Aline," Dévote alimjibu.

Kumbe programu ya ujumbe ilikuwa imekwisha kuikataa simu ile ya Aline kwa kukosa masasisho. Casimir alidhani binti amemchoka, na hilo lilimuuma kuliko figo. Ndipo Dévote akatuma mtu Ubwari. Casimir alifariki tarehe 9 Oktoba alfajiri. Aline alishuka kwenye boti mchana, ameloa chepechepe, ziwa likiwa limechafuka.

Jana baadhi ya ndugu walitaka habari za simu ziondolewe humu, maana Anatole yuko nasi msibani. Wakagombana mpaka sauti zikasikika barabarani. Mama Aline alikataa katakata: "Isomwe mbele ya batu bote. Naye asikie." Kisha akachukua simu ya mumewe, akamsogezea binti yake sikioni ujumbe ule:

"Aline, usivuke na huu upepo. Mi nitakungojea."

Ameacha mjane, Dévote. Watoto wawili, Aline na Eloge. Na mdogo wake, Jérémie. Mungu ampumzishe. Asingoje tena.