Ng'ombe Ana Dirisha, Mama Hana

Unajifanya huoni mkeo akiacha ugali motoni kukimbilia mtoto uani. Mama yangu alipika hivyohivyo, sijasahau.

Kwenye basi la kutoka Bunda, bwana mmoja, Nyamhanga, alimsimulia Miriamu, jirani yake wa kiti, nyumba anayojenga Kiabakari. "Dirisha la chumbani linatazama zizi. Ng'ombe nawaonaga nikiwa kitandani!"

"Na la jikoni?"

"Jikoni ukuta tu. Mpishi anaangalia sufuria, dada."

Miriamu akacheka. "Shemeji, kumbe ndama analindwa kuliko mwanao! Kisima kiko wapi?"

"Nyuma ya jiko."

Hata kondakta akageuka kumtazama.

"Lakini ukutani lipu tumeshapiga," Nyamhanga akajitetea.

"Lipu inalia ikibomolewa?"

Basi likasimama Kiabakari, Nyamhanga akashuka akibisha.

Na wewe, mwite fundi leo hii, atoboe dirisha jikoni.