Aliyewahesabu Waendao kwa Miguu

Waombolezaji wenzetu, tulieni mtusikilize, maisha ya ndugu yetu yalikuwa na mambo mengi, ila tutayasema kwa ufupi, maana mwenyewe hakupenda hotuba.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1966, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa nne kati ya sita, na hakutembea mpaka alipotimiza miaka miwili, majirani wakasema miguu yake ni ya mapambo, mama akawajibu kwamba atatembea akipata pa kwenda.

Alianza shule ya msingi Januari 1974, kilomita sita kwenda na sita kurudi, kando ya barabara ya malori, akaendelea na sekondari, kisha chuo cha upimaji, akahitimu Novemba 1989.

Tarehe 1 Machi 1990 aliajiriwa na ofisi ya mipango ya mkoa, kazi yake kukaa njia panda na fomu, akihesabu wapitao, na fomu ilikuwa na safu ya malori, ya mabasi na ya magari madogo, waendao kwa miguu wakiandikwa chini kabisa, kwenye "mengineyo", pamoja na ng'ombe. Yeye akachukua rula akawachorea safu yao, fomu zikarudishwa, bosi wake akamwambia, "Bwana mdogo, anayetembea si usafiri, ni mtu tu," naye akajibu, "Sasa mzee, barabara tunamjengea nani?" Akatupwa stoo miezi minane, alipotoka akaichora tena safu ileile.

Hapo njia panda ndipo alipompata mkewe, muuguzi, aliyepita mbele yake siku nne mfululizo, ya tano akasimama akamuuliza, "Kaka, mbona unanihesabu, mimi mbuzi?" Walifunga ndoa tarehe 10 Desemba 1994, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza fundi wa mabasi, wa pili mwalimu, na kitinda mimba ambaye bado anatafuta alichokuja kufanya duniani.

Tusimpake asali kwa kuwa amelala. Mwaka 2011 aliweka daraja la waendao kwa miguu pale ramani ilipokuwa na nafasi, mita mia tano kutoka sokoni, watu wakaendelea kuvuka mbio pale pale sokoni, mama muuza mboga akagongwa akavunjika nyonga. Dada yake mkubwa akamwambia waziwazi, "Daraja lako linavukwa na kunguru." Hakununa, alikwenda wodini kumwomba yule mama radhi, na tangu hapo hakuchora mstari kabla ya kuutembea na mtu mwenye mzigo au mwenye maumivu, dada yake huyo na goti lake bovu akafanywa kipimo cha taa za kuvukia, akavuka kwa sekunde thelathini na moja, kumbe wahandisi walikuwa wamempa kumi na nne, kana kwamba anafukuzwa na nyuki.

Mji ulipomeza mashamba yote ya jirani, aliandaa mpango mpya wa mkoa, njia za miguu na za baiskeli, vituo vyenye kivuli, mabasi yapewe njia yake yenyewe, na mwaka jana kurasa za mambo hayo ziliondolewa na wakubwa mara mbili, mara mbili akazirudisha. Figo zilimlaza Januari 2024, akawa anasahihisha michoro juu ya trei ya chakula, daktari alipomkataza alimwambia, "Daktari, wewe hapa umekuja na gari." Alifariki Jumamosi tarehe 8 Juni 2024, saa nne asubuhi, kalamu ikiwa shukani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani waliotuletea maji na viti, na wenzake wa ofisini, pamoja na wale waliokuwa wakimkwepa kwenye korido.

Kesho Jumanne, saa tatu asubuhi, halmashauri inaupigia kura mpango wake, na tumesikia kurasa zile zimetolewa mara ya tatu, waliozitoa wakijua sasa hakuna wa kuzirudisha. Mjane amesema hatabaki ndani kulia, nakala ya kurasa hizo anayo kwenye mkoba, na anayetaka kumfariji amfuate huko halmashauri. Kiti cha marehemu kitakuwa kitupu, ukumbi usiwe mtupu.

Lala kwa amani, ndugu yetu, sisi tuna mkutano.