Saa Moja ya Kazi ya Weldon

Wasikilizaji wapendwa, Milcah Cherop wa Molo hayuko tena. Nimonia imemchukua akiwa na miaka hamsini na tisa. Nasema Milcah Cherop, yule mama wa sweta mbili na gambuti, aliyepita nyumba kwa nyumba akiuliza watu kama wana kazi. Na jamani, ametuacha akiwa bado amekasirika. Sitampaka mafuta hapa.

Alikuwa karani wa utafiti wa ajira. Fomu yake ilikuwa na swali moja lililomchoma roho: "Wiki iliyopita, ulifanya kazi hata kwa saa moja?" Ukijibu ndiyo, unaandikwa umeajiriwa. Saa moja! Hebu nirudie, pengine mnadhani natia chumvi. Saa moja tu.

Mwaka jana zamu ikafika nyumbani kwake mwenyewe. Kijana wake Weldon ana diploma ya kilimo, imelala kwenye bahasha mwaka wa nne sasa. Wiki ile alikuwa amesaidia kupakia viazi kwenye lori la Nairobi, asubuhi moja, akapewa ndoo ya viazi vidogo. Milcah akamwangalia mtoto wake, akashika kalamu, akaandika: Hana kazi.

Fomu ikarudishwa. Na ilikuwa na uzito, maana kiwanda cha kusindika viazi kingepelekwa kule ambako vijana wengi hawana kazi. Msimamizi wake, Bwana Nasir, hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na jedwali lake mkononi.

"Mama Weldon," akamwambia, "Molo inatoa mavuno kushinda sehemu zingine zote. Mahali panapozalisha hivyo patakosaje kazi? Rekebisha."

"Mavuno yanapanda lori, boss, yanaenda zake. Vijana wanabaki barabarani wakiyaangalia. Sasa nirekebishe nini?"

Mara tatu alirudishiwa. Mara tatu aliandika vilevile, kwa Weldon na kwa kila kijana wa kijiji aliyekuwa hivyo. Mwishowe fomu zikapewa mtu mwingine, akazijaza wakubwa walivyotaka. Kiwanda kikaenda kwingine. Aki ya nani, hata kusimulia kunachosha!

Binti yake Cheruto anakumbuka jioni ya siku aliyonyang'anywa fomu. "Mathe alikataa hata chai. Alisema, 'Wamempa Weldon kazi kwenye karatasi. Sasa mshahara aiombe hiyo karatasi?'"

Tulimzika Jumatano iliyopita, saa nne asubuhi. Bwana Nasir alikuja, na nampa heshima yake kwa hilo. Shamba lilikuwa limejaa vijana mpaka kwenye ua, watu wenye nguvu zao, wengine wakigombania majembe ya kufukia kaburi. Akamgeukia Weldon, akamuuliza polepole: "Hawa wote wamepewa ruhusa kazini?"

Weldon akamjibu, "Ruhusa kutoka kwa nani, boss?"

Bwana Nasir akavua kofia yake.

Weldon, Cheruto, na jamaa wote wa Molo, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Mama yenu alituhesabu kwa haki, na hilo si jambo dogo.

Na nyinyi mnaotuma rambirambi, asanteni. Simu hapa studio hazijanyamaza tangu tuanze, na karibu zote ni za vijana. Leo ni Jumatatu, wasikilizaji wapendwa, saa nne na nusu asubuhi. Milcah angeuliza: mbona nyote mko nyumbani?