Nukta Tatu na Nukta Ishirini na Tano

Sogeeni, wanangu, nawe kitindamimba kaa hapa mkononi pangu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni, na nitakayoyasema sina pumzi ya kuyarudia.

Nyumba hii ni yenu nyote watatu. Msiiuze wala msiigombee. Cherehani ni ya dada yenu mkubwa. Ufunguo wa kabati uko ndani ya kopo la vifungo, na humo kabatini mtaikuta kalipa, ile koleo niliyokuwa nikipimia unene kiwandani, na chini yake kadi iliyokunjwa mara nne. Hiyo kadi ndiyo wosia wangu, mengine ni vyombo tu.

Nimewalea mkijua kwamba mjomba wenu, ndugu yangu wa tumbo moja, ndiye aliyemuua baba yenu kwa uzembe. Niliwakataza kumwamkia, na mwaka jana alipokufa nikawazuia kwenda kumzika, mkanitii. Sikilizeni basi, kwani mficha maradhi kifo humuumbua.

Kazi yangu ilikuwa kupima waya wa lifti ya mizigo, na ya mjomba wenu ilikuwa kuubadilisha. Kadi ilisema waya ukilika kupita sentimita 0.25, utolewe. Mwezi ule nilipima nikapata 0.3, nikaandika kwa mkono wangu huu. Akaniuliza kutoka juu ya ngazi, "Vipi, dada?" Nikamjibu, "Nukta tatu tu, na mwisho ni nukta ishirini na tano. Bado sana, mdogo wangu, shuka tukanywe chai!" Akashuka, kwa sababu aliniamini. Siku ya nne waya ukakatika, baba yenu akiwa ndani pamoja na marobota ya vitambaa.

Jioni ile mjomba wenu aliniletea kadi akasema, "Dada, itunze, wasije wakaiona." Kesho yake akawaambia wakubwa kwamba alisahau kuniita nipime. Nilijua anasema uongo, nikadhani ni uongo wa mwenye hatia, wa kuficha ubovu wa kazi yake. Wakamfukuza. Akawa mshona viatu sokoni, na kila nilipopita alisema, "Shikamoo, dada," nami nikitema mate.

Miaka sita baadaye, kitindamimba, ulileta daftari la hesabu, mmeambiwa mpange namba kuanzia iliyo ndogo. Nikakusahihisha kwamba nukta tatu hutangulia nukta ishirini na tano. Ukacheka, ukasema, "Mama, baada ya nukta hakuna ishirini na tano! Nafasi ya kwanza ni sehemu za kumi, ya pili ni sehemu za mia. Hapa zipo sehemu za kumi tatu, pale mbili, basi tatu imeshinda. Huamini? Iongezee sifuri mwishoni, 0.30, haibadiliki kitu." Nikakupiga kofi. Ulidhani ni kwa sababu ya kunicheka.

Kuuliza si ujinga, nami sikuwahi kuuliza, maana mimi ndiye niliyekuwa mpimaji, na mpimaji amuulize nani? Siku hiyo nilielewa kwamba mdogo wangu aliisoma ile kadi akajua, akachagua mbaki na mama. Na hata baada ya kuelewa sikuiitikia salamu yake. Niliogopa mtanitazama kama mnavyonitazama sasa.

Juzi nilimwita mkewe nikamweleza. Hakulia. Alisema alijua siku zote, mumewe alimwapisha asiseme, na kwamba nisimtume mtu kwake tena. Msiende. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu amezaliwa niliowakosea wameshakufa.

Kuhusu kaburi... nipeni maji kwanza. Kando ya baba yenu mmeniachia nafasi. Msiniweke pale. Tarakimu ni ile ile, nafasi ndiyo huipa thamani, na mimi nimekaa miaka yote katika nafasi ya mjane aliyedhulumiwa, nayo haikuwa yangu. Nizikeni mwisho wa safu, ukutani, kama sifuri ile isiyobadilisha kitu.

Siwaombi msamaha wa mjomba wenu. Wa kuutoa hayupo. Mungu awape macho ya kusoma na ulimi wa kuuliza. Mpendane... msikanyage salamu ya mtu.

Kitindamimba, lete shavu. Si hilo. Lile nililolipiga... Mkono haufiki, mwanangu. Sogea. Sogea kidogo tu...