Gari ya Mzee Noah Chini ya Rangi

Hapa Sosiot tunachuma chai, tunauza chai, na nyumbani tunapewa chai asubuhi, saa nne na jioni. Ndio maana kwa kijiwe chetu tunakunywa kahawa. Bonareri anaipika na tangawizi kwa sufuria nyeusi, na benchi yetu imeegemea ukuta wa yadi ya Owino, fundi wa kuosha na kupolishi magari, kwa hivyo gari ikiingia pale sisi ndio wa kwanza kuihukumu. Kuna Wakili, jina lake Johana, hajasomea sheria lakini hajawahi kukosa kesi kwa baraza ya chifu. Kuna Breki, yaani Nyang'au, aliyeendesha trekta ya shamba la chai mpaka mgongo ukakataa. Na kuna mimi, wananiita Sindano, nashona viatu hapo kando. Ijumaa hiyo mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwa vichwa vya mikaratusi, na mvua ilikuwa inatuzungusha, inakuja haiji. Tulikuwa tunasikia bafa ya Owino ikinguruma huko ndani, ile mashine ya mkono yenye sahani ya manyoya inayozunguka kung'arisha rangi. Halafu ikanyamaza.

Wakili: Mbona imezima? Stima imepotea?

Bonareri: Redio yangu inaimba. Stima iko.

Breki: Basi ameharibu kitu. Mimi najua mashine. Ikinyamaza namna hiyo, mtu ameharibu kitu.

Owino akatoka. Aproni yake ilikuwa imejaa madoa meupe ya dawa ya polishi. Hakukaa. Alichukua kikombe cha Wakili, akanywa kahawa ya moto kama maji, akarudi mlangoni, akachungulia ndani, akatoka tena.

Owino: Nimechoma rangi.

Wakili: Ya nani?

Owino: Kwani umeona nimeingiza gari ngapi leo? Ya mzee Noah.

Bonareri akaacha kukoroga. Gari ya mzee Noah tulikuwa tunaijua kuliko tunavyojua ng'ombe zetu. Ni gari ndogo ya rangi ya fedha, aliinunua kwa broka mmoja wa mjini baada ya kutembea kwa miguu maisha yake yote, na tangu siku hiyo hajapita hapa bila kutukumbusha kwamba ilitoka Japani moja kwa moja, haijawahi kuguswa na fundi. Kesho yake alikuwa anapeleka kijana wake Isaiah huko Ndanai, kwa kina Winny, kwa ajili ya koito, siku ya wazazi kukaa pamoja na kukubaliana kuhusu harusi. Alitaka ifike ikimetameta.

Breki: Umechoma wapi?

Owino: Kwa nguzo, hapo katikati ya mlango wa mbele na wa nyuma. Bafa inataka itembee. Ukiisimamisha kwa kona, joto linakula rangi. Naijua hiyo kazi, bana! Niliinua tu macho kuangalia hii mvua.

Wakili: Tulia. Hiyo ni kesi ndogo. Bandika stika ya kanisa.

Owino: Kwa nguzo?

Wakili: Ndiyo, ndefu, ya kusimama. Mzee Noah ni mzee wa kanisa, atakataa aje?

Bonareri: Mimi ningefunga riboni. Wanaenda koito. Gari yote ifungwe mariboni, hakuna mtu atauliza.

Breki: Sema ni mvua ya mawe.

Bonareri: Mvua ya mawe imepiga mahali pamoja tu?

Breki: Mwaka ule si ilimaliza chai ya upande mmoja wa barabara ikaacha ya upande ule mwingine? Tuliona na macho.

Tukacheka. Owino hakucheka. Alikuwa anakunja kile kitambaa chake cha kupangusia, anakikunjua, anakikunja tena.

Owino: Si kuchoma peke yake. Hebu kujeni muone.

Tukaingia, vikombe mikononi. Upande mmoja wa gari ulikuwa unang'aa mpaka niliona uso wangu, na nywele ambazo sikuchana. Kwa nguzo kulikuwa na kidonda, ukubwa wa kiganja hivi. Mimi nilitarajia kuona bati. Hakukuwa na bati. Kulikuwa na kitu cha rangi ya waridi, kimepasuka kama matope ya kiangazi.

Owino: Hiyo ni fila. Ule udongo tunazibia bodi ikibonyea.

Wakili: Labda Japani wanajenga hivyo. Kule kuna tetemeko. Wanaweka udongo ndio gari icheze na nchi.

Breki: Wacha uongo. Hiyo ni kutu ya hapa. Huu ukungu wetu unakula bati kutoka ndani. Trekta yangu ililiwa mpaka kiti.

Bonareri: Na kutu ikijiziba yenyewe inatumia udongo wa waridi?

Breki: Basi labda ni gari mbili. Zimeoana kabla ya Isaiah.

Tulicheka sana. Wakili alimwaga kahawa kwa shati. Owino akangoja tumalize, halafu akagonga bati la mlango wa mbele kwa kifundo cha kidole. Ngo, ngo. Akagonga nguzo. Pu, pu, kama anagonga gunia la mahindi. Akazunguka upande wa pili, ule hajagusa na bafa, akagonga nguzo yake. Pu, pu. Akachuchumaa akagonga chini ya milango. Pu.

Owino: Hapo sasa unaona mbona sicheki? Imezibwa pande zote mbili mpaka chini, kama gari imekatwa katikati ikaunganishwa.

Barabara ya kwenda Ndanai unashuka, unapanda, unapinda, na malori ya chai yanakuja na haraka zao. Ndani ya hiyo gari kesho kungekuwa na mzee Noah, mkewe, Isaiah, na mama yake Noah, nyanya ya Isaiah, ambaye wao wanamwita kogo, na miguu haimbebi tena.

Wakili: Sikia, Owino. Wewe uliitwa kupolishi. Hukuitwa kuchunguza. Ziba hapo, puliza rangi, nyamaza. Ukiongea, kitu cha kwanza atasema ni wewe umeharibu.

Owino: Na ni kweli nimeharibu.

Wakili: Ndiyo maana nakwambia nyamaza!

Bonareri: Wewe Johana, kama kogo angekuwa mama yako?

Tukarudi kwa benchi lakini hakuna aliyekaa vizuri. Breki alisimama, akakaa, akasimama. Owino aliingia ndani, tukasikia anawasha bafa, anaizima. Anawasha, anazima.

Wakati huo ndio Mama Isaiah alitokea, yaani Rebeccah, mke wa mzee Noah. Alikuwa amebeba kikapu cha vibuyu vya mursik, maziwa ya mgando yetu ya sherehe, na kitambaa kipya kichwani kama koito ilikuwa ni leo.

Rebeccah: Chamgei! Habari zenu. Nimeleta vibuyu vipangwe mapema, kesho kusiwe na mbio. Gari iko tayari?

Breki aliangalia viatu vyake. Wakili aliangalia mawingu. Mimi nilivuta uzi ambao haukuwa na shida yoyote.

Rebeccah: Nimeuliza swali gumu?

Owino alikuwa amesimama kwa mlango wa yadi.

Owino: Mama, haiko tayari. Nimechoma rangi kwa nguzo, hiyo ni makosa yangu, usiulize mtu mwingine. Lakini chini ya rangi nimepata kitu kibaya. Tafadhali muite mzee. Na msipande hiyo gari kesho.

Mzee Noah alikuja na gamboti za zizini bado miguuni. Aliangalia kile kidonda kwa gari yake, akashika kiuno.

Noah: Kijana, gari yangu ilikuja hapa nzima.

Owino: Ilikuwa inaonekana nzima, mzee.

Noah: Umeichoma, sasa unanipikia hadithi. Broka alinionyesha meli! Alinionyesha picha ya hiyo gari ikishuka kwa meli!

Rebeccah: Baba Isaiah, punguza sauti.

Noah: Nipunguze nini? Kesho nasimama mbele ya watu wa Ndanai na gari iko na kidonda. Wataniona mtu wa kuazima gari! Na huyu ananiambia mimi, Noah, sijui gari yangu!

Kwa kweli nilifikiri atampiga. Owino hakurudi nyuma. Alisema tu, kwa sauti ya chini, kwamba akitaka atamwitia fundi mwingine wa Kericho, fundi yeyote mzee atachagua. Ni Breki aliyeenda mpaka kwa mlango wa dereva, na huo mgongo wake, akapiga magoti.

Breki: Mzee Noah, hakuna haja ya fundi. Gari ikiunganishwa, chini ya kapeti haidanganyi. Nipe ruhusa niinue.

Noah: Inua. Inua, halafu nyinyi nyote mniombe msamaha.

Breki alifungua mlango wa mbele na wa nyuma, akavuta kapeti chini ya kiti. Mstari wa weldi ulikatiza sakafu kutoka mlango huu mpaka mlango ule, mnene, una mabonge mabonge, na katikati ulikuwa umeanza kuachana. Mzee Noah akainama. Aliweka kidole kwa ule ufa na kidole kikaingia. Mimi kutoka nilikosimama niliona nyasi za yadi.

Alipotoa kidole alikipangusa kwa suruali, polepole, halafu akakaa kwa ukingo wa gari, mlango wazi, gamboti zake chini kwa maji ya sabuni.

Noah: Nimebeba mama yangu na hii. Kila akienda kliniki. Nilikuwa naendesha haraka akilia miguu inauma.

Rebeccah: Na tumefika kila mara. Mungu alikuwa anaona.

Wakili akapata nguvu zake. Alianza kupanga kesi: polisi, chifu, tumfuate broka leo hii, tumlete hapa tumemshika shati. Breki akasema broka wa namna hiyo anabadilisha laini ya simu kuliko soksi. Wakabishana. Mzee Noah hakuwasikiliza. Rebeccah ndiye alitoa simu na kumpigia Edinah, yule mama anayeendesha pikapu ya kukusanya maziwa, na kabla hatujamaliza kubishana Edinah alikuwa amekubali. Kogo atakaa mbele na dereva. Wengine watakaa nyuma na viti vya plastiki.

Rebeccah: Winny anaolewa na Isaiah. Haolewi na gari.

Noah: Nilitaka tu waone.

Rebeccah: Wataona. Nitakupigia pasi ile koti.

Mzee akatikisa kichwa, karibu atabasamu. Akamgeukia Owino, aliyekuwa bado ameshika kitambaa chake.

Noah: Ungeweza kuziba.

Owino: Ningeweza, mzee.

Noah: Na mimi nisingejua.

Owino: Nisingelala.

Mzee Noah alisimama. Aliweka mkono kwa bega la Owino, akauacha hapo kidogo, mzito, kama mtu anayetafuta kusimama sawa. Halafu akaanza kuizunguka gari. Alipita boneti iliyong'aa, akagusa taa za mbele. Akapita ile nguzo. Akafika nyuma, akasimama.

Wakili: Usijali, mzee, tutampata. Hiyo ni kesi wazi kabisa. Huku mbele ni gari moja, huku nyuma ni gari ingine, na—

Noah: Johana, ngoja kwanza.

Wakili akangoja.

Noah: Gari haikatwi katikati kama haijaumia. Hii ya mbele, ile nusu yake ya nyuma iliharibika. Hii ya nyuma, ile ya mbele yake iliisha. Si ni hivyo, Owino?

Owino: Ni hivyo.

Noah: Na ndani ya hizo gari mbili kulikuwa na watu. Walitoka wazima?

Tuliangaliana. Matone ya kwanza yalianza kupiga mabati ya yadi, moja moja, makubwa. Mlango wa nyuma ulikuwa bado wazi. Rebeccah aliuendea, akaufunga polepole, vile unafunga mlango wa chumba ambacho mtu amelala.